Marehemu Mkude Anakula Ugali

Jumamosi, Oktoba 1998. Joto la kubandika shati mgongoni. Mawingu yamejaa upande wa Kahama tangu asubuhi, lakini hayadondoshi hata tone.

Daftari langu, kabla ya yote liandikwe hili: bila mimi, kambi hii ya watafiti wa dhahabu isingekuwepo. Sisemi kwa majivuno. Umeme wote wa kilima hiki unapita mkononi mwangu. Mimi nikilala, jokofu la meneja linayeyuka, pampu ya maji inakohoa mara mbili inanyamaza, na wataalamu wa miamba wanabaki wanapapasa mawe yao kama vipofu. Rais ana ikulu yake, mimi nina jenereta langu. Tofauti ni ndogo.

Kuhusu elimu, nilifika darasa la nne. Lakini ni la nne la zamani, ambalo ukilipima na kidato cha nne cha leo, kidato ndicho kinachopungua. Na macho? Macho haya yaliwahi kuona chembe ya dhahabu kwenye kwato za ng'ombe anayekimbia. Kule Mwakitolyo nilishuka kwenye shimo la wachimbaji, sisi tunaita duara, refu ajabu: tuliingia Jumanne, tulipofika chini tukakuta Jumatano imeshatutangulia. Mashahidi wapo, ila wengi wamehama.

Nayasema haya ili nipate nguvu ya kusema lile jingine.

Nimemuua mtu.

Hajafa. Alhamisi nilimwona kwa macho yangu anakula ugali. Lakini nimemuua, na mama yake amenyoa nywele.

Nianze na Kabula, maana yeye ndiye anayelipa. Kabula ni mtoto wa dada yangu. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, na kampuni ikampa mkataba wa kutengeneza programu ya orodha ya watu wa kambi: nani yupo, nani amepanda kilimani, nani likizo, nani anaumwa. Kila Ijumaa orodha hiyo inaingizwa kwenye disketi, disketi inapanda gari la kambi, inakwenda ofisini Mwanza. Kambi nzima nimeiambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Kabula kompyuta. Nilichomfundisha ni baiskeli.

Kazi ya kujaza orodha alinipa mimi, na si kwa upendeleo. Kila anayepanda kilimani anachukua betri ya taa dirishani kwangu, kwa hiyo hakuna anayenipita. Shida ilikuwa Mwanza. Kila wiki walitaka kitu kipya: leo waonyeshwe wagonjwa kwanza, kesho walio likizo watengwe. Kila wakibadili mawazo, Kabula alitakiwa aifumue programu nzima na kuijenga upya. Akachoka. Akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wanadhani ni zile hadithi zangu: ndani ya programu yake akaweka mashine nyingine ndogo, yenye lugha yake.

"Mjomba," aliniambia, "programu yangu ni nyumba. Humo ndani nimemkaribisha mgeni. Mgeni ana lugha yake fupi, maneno machache tu, na wewe unaweza kumwandikia maagizo kwenye faili hili bila kugusa ukuta wa nyumba. Mwanza wakibadilika, unabadilisha maagizo. Nyumba inabaki ilivyo."

"Na mgeni akiamua kuvunja vyombo?"

"Hawezi. Hana mikono, ila ile ninayompa mimi. Nimempa miwili: mmoja wa kusoma jina la mtu, mwingine wa kuandika ujumbe kwenye skrini. Kisichokuwa mkononi mwake, kwake hakipo."

Nilipenda sana. Ningekuwa na mgeni wa namna hiyo nyumbani kwangu Shinyanga, shemeji zangu wasingemaliza sukari.

"Halafu, Mjomba, sikiliza hili. Mgeni huyu hali mahindi, anakula unga. Unachoandika wewe ni mahindi. Ukishaandika, bonyeza hapa, programu inasaga, inatoa faili la pili. Hilo la pili ndilo chakula chake. Ukibadilisha maagizo usisage, ataendelea kula unga wa jana."

"Nimeelewa."

"Na ukisahau, chini kabisa ya skrini patatokea maneno: Umebadilisha, hujasaga."

"Mwanangu, nimesema nimeelewa. Mimi nilisaga mawe kabla hujazaliwa."

Akacheka. Kabula akicheka ni mama yake mtupu.

Sasa nikiri la kwanza. Orodha ilikuwa inatoka na majina makavu, inabandikwa ubaoni pale jikoni. Mama Neema, mpishi wetu, mwanamke mwenye wajukuu, akajikuta ubaoni ameandikwa Esta Shija. Alisimama pale na mwiko mkononi. "Mimi Esta?" akasema. "Esta wa nani? Nimelala naye wapi huyo anayeniita Esta?" Siku ile maharage yalikuwa na mawe.

Nikamwendea Kabula. Nikamwambia mgeni aongezewe mkono wa tatu, wa kuweka cheo mbele ya jina, ili Mama awe Mama na Mzee awe Mzee. Akakataa.

"Mkono huo unaingia kwenye orodha yenyewe, Mjomba. Ule wa skrini ukikosea, watu wanacheka, wanapita. Huu ukikosea, unasafiri mpaka Mwanza."

Nikamwambia, "Kabula, mimi ni kaka wa mama yako."

Kwetu hilo halina jibu. Aliinamisha kichwa, akafungua. Mkono ule akaupa jina: weka_cheo.

Nilisema ni kwa ajili ya heshima ya Mama Neema. Cheo cha kwanza nilichoandika kilikuwa changu. Fundi Mkuu. Mama Neema alikuwa wa pili.

Nije kwa Mkude. Mkude ni Mluguru wa Morogoro, yuko kwenye mashine ya kuchoronga miamba. Watu wa kwao na sisi Wasukuma ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani. Mkude anaweza kuchukua nyama kwenye sahani yangu akasema "hili ni fungu la marehemu," nami sina ruhusa ya kukunja uso. Ndivyo tulivyowakuta wazee.

Jumatatu ya wiki juzi alikuja dirishani kuchukua betri. Nyuma yake foleni ya watu kumi. Akawatangazia, "Jamani, huyu mzee mnayemwona alikufa mwaka wa uhuru. Harufu ya dizeli ndiyo inamtunza asioze." Foleni ikavunjika mbavu. Hata Mzee Lugata mlinzi, ambaye hacheki, alicheka.

Ningeachaje?

Nikaingia chumba cha kompyuta, kipo ukuta kwa ukuta na jenereta langu. Nikaandika agizo: kama jina ni Mkude, cheo ni Marehemu. Nikasaga palepale, maana nilikuwa na haraka ya kuona. Nikamwita.

Aliinama kwenye skrini. "Marehemu Mkude! Ah, mtani, umeniua bila hata ubani?"

"Nimeshakuzika. Matanga tulikula jana."

"Basi lete rambirambi." Akachukua chapati yangu, akaondoka nayo.

Ulikuwa utani mtamu mno kuufuta mapema. Niliuacha mpaka saa kumi, kila anayepita namwita aone. Jioni kabla ya kufunga nikalifuta lile agizo. Nililifuta, gete, kweli kabisa. Niliona mstari unatoweka, mahali pake pakabaki peupe. Foleni ya kurudisha betri ilikuwa inanigongea dirisha, nikanyanyuka.

Sikusaga.

Nilitoa mahindi kwenye kapu, unga ukabaki chunguni. Ijumaa mgeni wa Kabula akala alichopewa, orodha ikaingia kwenye disketi, disketi ikapanda gari.

Ofisini Mwanza kuna karani nisiyemjua. Simlaumu. Alisoma Marehemu Mkude, akafanya kile ambacho mtu aliyelelewa angefanya. Simu ya upepo ya kambi ilikuwa mbovu wiki ile, hakuweza kutuuliza. Akatafuta anwani ya nyumbani, akapeleka simu ya maandishi Morogoro kuwapa pole. Alidhani sisi tumeshawaambia, kwamba yeye analeta pole tu.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, lori la mpunga kutoka Kahama likasimama njia panda, akashuka mwanaume mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Kwapani mkeka mpya umeviringishwa, mkononi mfuko wenye shuka nyeupe. Alikuwa amepanda treni Morogoro mpaka Shinyanga, akaunga basi mpaka Kahama. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Neema.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumchukua ndugu yangu, Mkude."

"Marahaba, baba. Yule pale. Mwache kwanza amalize kula."

Yule mtu akageuka. Mkude alikuwa na tonge limefika karibu na mdomo. Walitazamana. Mkeka ukaanguka. Mimi nilidhani atamkimbilia amkumbatie, lakini alikaa chini kwenye vumbi, akalia kilio chote alichokuwa amekitunza tangu Morogoro. Tulimwacha. Alipopata sauti alisema neno moja tu.

"Mama amenyoa nywele."

Mkude alinyanyua uso, akanitafuta katikati ya watu wote wale. Akaniona.

Jioni ile Kabula aliniita pembeni. Alikuwa ameshafungua lile faili la unga na kumkuta Marehemu humo, wakati kwenye faili langu la maandishi hayupo.

"Mjomba, ni wewe uliandika?"

"Ni utani, mwanangu. Nikafuta siku ileile."

"Ulisaga?"

"Nilisaga."

"Na chini ya skrini hapakuwa na ujumbe?"

"Hapakuwa na kitu."

Daftari, tazama hapo. Mara mbili. Nilijibu haraka kuliko mtu anayesema kweli. Angeweza kunikamata kwa tarehe za mafaili, lakini saa ya kompyuta ile ilikufa zamani. Kila ukiiwasha inadhani ni siku ileile ya kwanza. Hana cha kushika ila neno la mjomba wake. Akalishika.

Jana meneja akatukusanya wote nje ya ofisi.

"Nani amemwandika mtu marehemu?"

Nilikuwa nyuma, namtazama mdudu anayetambaa kwenye kiatu changu. Kabula akasimama. Alisema programu ni yake, mkono ule aliufungua yeye, aliyeandika alikuwa amekwisha kufuta, na inaonekana mashine yake haisagi inavyopaswa na haitoi onyo. Hakutaja jina.

"Sina haja na aliyeandika," meneja akasema. "Nataka programu isiyoua watu. Jumatatu gari likienda Mwanza, binti, utapanda na vitu vyako. Tutarudi kwenye daftari la karatasi."

Yule mdudu alimaliza kiatu, akaanza cha pili.

Baadaye Mkude akaja dirishani, ndugu yake amesimama mbali kidogo na mkeka wake. Nilijiandaa kutukanwa. Ningeshukuru.

"Mtani hakasiriki," alisema. "Wewe unaniua, mimi nakuzika, ndiyo urithi wetu. Lakini msiba una watani wake, mzee. Wanakuja, wanaiba sufuria, wanamwigiza marehemu, mfiwa anacheka hata kama hataki. Mama yangu alinyolewa na jirani. Hapakuwa na mtani hata mmoja wa kumchekesha, kwa sababu mtani mwenyewe ulikuwa huku unagawa betri."

Nikazipanga upya betri zilizokuwa zimeshapangwa.

"Na yule binti?" akauliza.

"Yule ni mpwa wangu."

"Ndiyo maana nauliza."

Alfajiri ya leo wameondoka wote wawili, wanakwenda Morogoro akajionyeshe kwa mama yake. Kwa hiyo hata angetaka kunisemea, hayupo. Nimebaki na siri yangu peke yangu, na nilikuwa nadhani siri ikibaki na mtu mmoja inakuwa nyepesi.

Kabula hajala vizuri tangu Alhamisi. Amezichapa karatasi za programu yake, amezitandaza sakafuni, anazipitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, anatafuta kosa ambalo halipo. Mchana nimepita na dumu la dizeli nikasimama mlangoni. Anabadilisha agizo, ujumbe unatokea. Anasaga, ujumbe unaondoka. Anafuta agizo, ujumbe unatokea tena. Mara ishirini, mara thelathini.

"Ujumbe unakuja kila mara, Mjomba," aliniambia bila kunitazama. "Kwa nini siku ile haukuja?"

Nikamjibu, "Mashine, mwanangu. Zina siku zake."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Akaweka kalamu chini. "Labda kazi hii si yangu. Labda nilidhani najua."

Mkataba unaweza kupatikana mwingine, hilo najifariji nalo. Lakini nilimwona mtoto huyu akianguka na baiskeli mpaka goti likatoka nyama, akaiinua, akapanda tena, akaniambia kosa ni la baiskeli. Alikuwa na miaka saba na hakuwahi kudhani kosa ni lake. Leo ana shahada, mgeni wake anakula unga sawasawa kama alivyomfundisha, ukuta wa nyumba yake hauna ufa, na anaamini hajui. Nimemwambia mimi kwamba hajui. Niliyemuua kweli si Mkude.

Meneja yuko Geita mjini, nyumbani kwake Kalangalala, atarudi Jumatatu asubuhi kabla gari halijaondoka. Kabula yuko milango mitatu kutoka hapa nilipokaa, nasikia anavyochana karatasi. Sihitaji meneja ili nimwambie Kabula. Tangu saa saba najiuliza nini kinanishika. Kufukuzwa? Nimeshafukuzwa kazi nne, na kila moja nimeisimulia ikawa nzuri zaidi kuliko ilivyokuwa. Aibu ya utani? Watu wangecheka, wangesahau.

Ni ule ujumbe wa chini.

Ulikuwepo siku ile. Lazima ulikuwepo, kama ulivyokuwepo leo mara thelathini. Mimi sikuuona kwa sababu huu ni mwaka wa tatu sioni herufi ndogo. Maagizo yangu naandika kwa kukumbuka vibonyezo, na yale maneno ya juu Kabula aliyafanya makubwa siku moja, hakuniuliza kitu, nami nikajifanya sijaona tofauti. Ya chini yalibaki madogo. Kwangu mimi pale chini pana mstari wa kijivu tu, kama sisimizi wanahama. Ningemwambia "sikuona", angeelewa yote kwa mara moja. Nikaona afadhali mashine yake iwe na kosa kuliko macho yangu, haya yaliyoona chembe kwenye kwato za ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anatembea, kwanza. Na chembe yenyewe ilikuwa kipande cha chupa.

Miwani ninayo. Niliinunua Kahama kwa Mhindi mwaka jana, nikamwambia ni ya mke wangu ili asinitazame sana, naye akaleta ya mke wangu. Inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya spana. Naandika haya nimeivaa, mlango nimeutia komeo.

Nikifunga daftari hili nitakwenda kwa Kabula kabla Mama Neema hajagonga kengele ya chakula. Nitakaa kwenye kompyuta, nitafuta mstari mmoja, halafu nitamsomea kwa sauti yale maneno ya chini, herufi kwa herufi, ajue yapo na yalikuwepo. Jumatatu nitayasoma tena mbele ya meneja na foleni yote ya betri. Na ili niyasome itabidi niivae.

Ni ya kike. Nyekundu, na pembeni ina vipepeo.